Picha ya Nyumba ya Yamumbi

Kwa miaka kumi rafiki yangu Wanyoike hakumwambia mtu habari za kufuli, hata ndugu zake. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya, wachomaji nyumba walipokaribia kijiji chao cha Yamumbi, karibu na Eldoret, mama yake alikuwa mgonjwa, hawezi kutembea. Wanyoike alimfungia ndani na kutia kufuli kwa nje, ili wadhani nyumba haina watu, kisha akakimbia kutafuta gari. Aliporudi alikuta majivu. Ndugu zake aliwaambia kwamba mama alikataa kutoka.

Miaka kumi baadaye, familia ilitaka picha ya nyumba ile kwa ibada ya ukumbusho. Wanyoike alimweleza Abdikadir, mchoraji wa mabango mjini Eldoret, jinsi ilivyokuwa: mabati mekundu, tangi la maji, mlango wa kijani ulio wazi. Alasiri moja ya mvua akaenda kuichukua. Kwenye picha, mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

"Nani amekutuma?" akauliza.

"Nitumwe na nani, mzee? Hilo kufuli nimelifuta mara tatu. Kila asubuhi nalikuta. Nilidhani ni wewe unaingia hapa."

"Ufunguo wa duka lako nitautoa wapi?"

"Hata mimi najiuliza hivyo hivyo."

Walikuwa bado wanatazamana kwa shaka stima ilipopotea, na kiduka kile kisicho na dirisha kikawa giza. Ndipo wote wawili wakasikia, upande wa picha, chuma kikigonga mbao polepole, kama mlango unaosukumwa na mtu aliye ndani.