Mvua ya Chumbani kwa Bibi

"Sijakojoa kitandani!" Bibi alisema tena. "Nimelea watoto, nawajua wakojozi. Mimi si mmoja wao."

"Sasa maji haya yametoka wapi, mama?" mkwe wake aliuliza. Alisimama kando ya kitanda, mikono kiunoni. "Dirisha limefungwa. Nje jua linawaka. Shuka limelowa chapachapa!"

"Liulize shuka."

"Jana nilikuta hivihivi. Wiki iliyopita pia. Si aibu, mama. Ni umri tu. Nimeshanunua nailoni ya kutandika juu ya godoro."

Bibi aliitazama nailoni kwapani mwa mkwe wake. Ilikuwa mpya na ngumu. Mkwe alipojigeuza, ililia kwaruu, kwaruu.

"Nailoni!" Bibi alikuja juu. "Mnilaze kama kichanga? Nipeni nguo zangu. Leo hii nahamia kwa binti yangu."

Mwanawe alitokea mlangoni. Alikuwa dereva wa basi, na hiyo ilikuwa siku yake ya kupumzika. Mpaka hapo hakuwa amepumzika.

"Mama, tulia kwanza," alisema. "Na wewe Mama Pacha, punguza sauti. Majirani wanasikia."

"Wasikie," alijibu mkewe. Watu walimwita Mama Pacha kwa sababu ya mapacha wake, ambao saa hizo walikuwa shuleni. Alikuwa mwanamke mwepesi wa mikono na mwepesi wa maneno. Kwa kawaida mikono ilimsaidia zaidi.

Bibi alinyoosha kidole juu ya kitanda. Hapo ukutani kilikuwepo kiyoyozi cheupe, kirefu kama sanduku.

"Maji yanatoka kwenye hicho kitu chenu."

"Kilikuwa kimezimwa, mama! Nimeingia nimekikuta kimya. Kitu kilichozimwa kitavujaje?"

"Na juzi jioni nilikiwasha," mwanawe aliongeza taratibu. "Nikakaa chini yake nikanywa chai yangu yote. Hakikudondosha hata tone."

Bibi alikikodolea macho kiyoyozi. Hakukosa la kusema. Lakini lile alilokuwa nalo lilimtisha, na hakuwa amemwambia mtu.

Mama Pacha alishona mito ya kuuza, na kazi ya Bibi ilikuwa kuchambua pamba ya kujazia. Kila siku baada ya chakula cha mchana alikaa kitandani, akavuta pamba kidogokidogo mpaka ikawa nyepesi kama povu. Nyuzi zake ziliruka hewani. Zilipita kwenye mwanga wa dirisha, zikapanda, zikashuka, zikapanda tena bila haraka. Juu yake kiyoyozi kilivuma polepole, kama mama anayebembeleza mtoto asiye wake. Baadaye Bibi alihisi baridi. Alichukua rimoti, akakizima, akajilaza.

Ndipo mto ulipokuja.

Ulikuwa mto wa maji, mpana na mtulivu. Ng'ambo alisimama mama yake, kijana kuliko yeye mwenyewe, akimwita kwa jina lake la utotoni. Bibi aliingia majini. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu, yakafika magotini, yakafika kiunoni. Yalikuwa baridi na safi. Samaki wadogo walipita katikati ya vidole vyake. Hakuwahi kufika ng'ambo. Kila mara aliamka njiani, na kila mara kiuno chake kilikuwa kimelowa.

Sasa mtu aliyeota yumo mtoni, akaamka amelowa, amwapie nani? Bibi aliapa kwa sauti kubwa. Lakini moyoni alijiuliza: Je, kama ni mimi kweli?

"Hodi wenye ugomvi!" sauti iliita barazani.

Alikuwa jirani yao, fundi wa majokofu na viyoyozi. Mtaa mzima ulimwita Spana, kwa sababu hakukosa moja mfukoni, hata siku ya harusi.

"Karibu," alisema mwana wa Bibi kwa haya. "Umetusikia?"

"Kaka, hata kiziwi wa kona ile amesikia." Spana alivua viatu, akaingia. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kunusa." Aliliinua shuka kitandani, akalipeleka puani. Kisha akamnyooshea Mama Pacha. "Wewe umelinusa?"

"Ninuse mkojo? Nina wazimu?"

"Nusa, dada."

Mama Pacha alikunja uso, akanusa. Uso ukakunjuka.

"Linanuka vumbi," alisema. "Kama kitambaa cha deki."

"Mkojo hunuka mkojo," alisema Spana. "Na yale mashuka mengine?"

"Niliyatia kwenye beseni la sabuni papo hapo. Sikusimama kunusa."

Bibi alikaa sawasawa, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Spana alipanda juu ya kiti, lakini hakugusa kiyoyozi.

"Umeme kwanza," alisema. "Rimoti haitoshi. Ukizima kwa rimoti, umeme bado umo ndani. Kaka, zima ile swichi yake ya ukutani."

Mwana wa Bibi aliizima. Spana alifunua kifuniko cha mbele, akachomoa kitu bapa chenye wavu. Wavu haukuonekana. Ulikuwa umefunikwa na kitu cheupe, kizito kama blanketi.

"Hili ni chujio la hewa. Wenyewe tunaliita filta. Bibi, unaijua pamba hii?"

Bibi aliigusa. Aliijua. Aliichambua kwa vidole vyake mwenyewe.

"Imefikaje huko juu?"

"Imevutwa. Kiyoyozi hakileti hewa kutoka nje, bibi. Kinavuta hewa ya chumbani humuhumu, kinaipitisha kwenye mabomba ya baridi, kinairudisha. Kila kinachoruka humu kinaishia kwenye filta. Ikiziba, upepo haupiti. Baridi inabaki ndani, inakusanyika. Hebu njooni muone."

Walisogea wote. Nyuma ya filta palikuwa na mabati membamba yaliyopangwa kama kurasa za kitabu. Juu yake palikuwa na barafu. Ilikuwa nene, nyeupe, na mwanga wa dirisha ulipoipiga, ilionyesha rangi ya bluu kwa ndani.

"Barafu!" alisema mwana wa Bibi. "Nyumbani kwangu! Ngoja nilete kisu niikwangue."

"Rudisha kisu chako jikoni. Mabati haya ni laini, na nyuma yake kuna mabomba ya gesi. Ukitoboa bomba moja, umekiua. Barafu iacheni iyeyuke yenyewe."

Waliweka beseni kitandani. Tone la kwanza likaanguka. Likafuata la pili. Kisha yakaja mengi, moja juu ya jingine, mepesi, yenye sauti ya maji yanayopita juu ya mawe.

Bibi alifumba macho.

"Ndiyo hiyo," alisema polepole. "Ndiyo sauti ya mto wangu."

"Mto gani, mama?" aliuliza Mama Pacha.

Bibi akawasimulia. Aliwaambia habari za maji, za samaki, za mama yake ng'ambo. Aliwaambia jinsi alivyoamka kila siku akiuogopa mwili wake. Mama Pacha alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo lilikuwa geni kwake.

"Kwa hiyo kinavuja kikiwa kimezimwa," alisema mwisho.

"Ndiyo maana mlimwona bibi mwongo," alisema Spana. "Kikiwaka, barafu inashikilia maji. Bibi akikizima, barafu inayeyuka kwa mkupuo. Na wewe kaka ulikiwasha jioni, ukanywa chai ukaondoka. Barafu ya mchana ilikuwa imeshakwisha, na mpya haijapata muda wa kuganda."

"Na mimi nilipoona ubaridi umepungua, nilishampigia mtu simu aje aongeze gesi!" alisema mwana wa Bibi.

"Mpigie tena, mwambie asije. Gesi ya kiyoyozi si kama ya jiko. Haiishi kwa kutumika. Inazunguka mle mle miaka na miaka. Ikipungua, ujue kuna mahali inavuja. Fundi atafute tundu kwanza, alizibe, ndipo ajaze. Anayekuongezea bila kutafuta, anakuuzia upepo."

Spana alitoa pimamaji, akaiweka juu ya kiyoyozi. Kiputo cha hewa kilisimama katikati kabisa.

"Kimefungwa sawa. Kingeinama upande usio na mpira wa kutolea maji, kingemwaga chumbani kila siku. Na juu yake wameacha nafasi ya kuvuta hewa. Kosa la fundi ni moja, amekiweka juu ya kitanda. Lakini bado kuna kitu sikielewi. Chini ya mabati kuna kibeseni. Hata barafu ikiyeyuka, maji yangeingia mle, yakatoka nje kwa mpira. Kwa nini hayakutoka? Twendeni nje."

Walizunguka nyuma ya nyumba. Mpira mweupe ulitoka ukutani, ukashuka, ukalegea kama tumbo, kisha ukapanda tena. Ncha yake ilifungwa kwa kamba kwenye nondo ya dirisha, ikaingia ndani ya pipa lililowekwa juu ya matofali. Pipa lilijaa, na ncha ilikuwa imezama majini.

"Nani amefunga hivi?" aliuliza Spana.

Mwana wa Bibi aliangalia viatu vyake. Bibi aliangalia mawingu.

"Mimi," alisema Mama Pacha. "Maji yalikuwa yanamwagika bure. Nikasema niyakinge, nipigie deki."

"Wazo zuri, dada. Ila mpira huu unatakiwa ushuke tu, mwanzo mpaka mwisho. Hakuna pampu humu. Ukiuinua, maji yanalala pale kwenye tumbo. Uchafu na pamba vinatulia hapo, vinaziba. Na ncha ikizama, hewa haina pa kutokea, maji yanasita. Yakikosa njia ya nje, yanarudi chumbani."

"Juu ya kitanda cha mama," alisema mwana wa Bibi.

"Kiunoni pake."

Mama Pacha alisogea kwenye dirisha. Aliifungua kamba kwa meno na kucha. Mpira ulipoanguka, ulitapika ute wa kijani, kisha donge la pamba, kisha maji mengi yaliyomlowesha miguu. Hakusogea. Alisimama yakimpita.

"Mama," alisema. "Nimekusingizia. Nilikuwa na haraka, sikuuliza wala sikunusa. Nisamehe."

"Ulinunua na nailoni," alisema Bibi.

"Nilinunua."

"Ya rangi ya waridi."

"Zilibaki hizo tu, mama."

Bibi alijitahidi kushika hasira yake, ikamponyoka. Akaanza kucheka. Mwanawe naye akacheka, na Spana akaegemea ukuta.

Waliosha filta kwa maji na sabuni kidogo, wakaisimamisha kivulini ikauke. "Isirudi na unyevu, na isianikwe juani ikajipinda," alisema Spana. "Kwa kawaida ioshwe kila baada ya wiki mbili. Kwa nyumba yenye pamba, kila wiki. Hiyo ni kazi yenu. Mambo ya umeme, gesi na kusafisha ndani kabisa, niiteni mimi."

"Basi mama aache kuchambua pamba," alisema mwana wa Bibi.

"Niache, halafu nifanye nini?" Bibi aliuliza. "Nihesabu nzi?"

"Aache ya nini?" alisema Spana. "Achambulie barazani. Huko upepo utaichukua pamba yenyewe."

Barafu ilipokwisha na filta ilipokauka, Spana alirudisha kila kitu, akawasha swichi. Aliweka rimoti kwenye nyuzijoto ishirini na tano. "Kumi na sita hakiharakishi ubaridi," alisema. "Kinakula umeme tu." Kisha akainua vibapa vya mbele vinavyoelekeza hewa ili upepo upite juu, usimpige mtu. Upepo ulitoka mwingi na laini. Bibi hakukumbuka mara ya mwisho kuuhisi hivyo.

"Sasa kikae kinavuma mpaka chumba kipoe sawasawa. Halafu kizimeni, mwangalie kama kinadondosha. Kisha msogeze kitanda ukuta ule wa pili."

"Tutandike gazeti chini yake, tuone kama litalowa," alisema mwana wa Bibi.

"Gazeti halioni haya," alisema Mama Pacha. "Kitanda hakisogei kwanza. Nitalala mimi."

Hakungoja jibu. Godoro lililolowa lilikuwa limeshatolewa juani. Alilivuta la mapacha, akalitupa kitandani, akatandika shuka kavu. Akapanda na kanga zake, akajilaza palepale alipolala Bibi kila siku, kiuno chini ya kiyoyozi.

"Mama, ukisikia baridi kizime, kama ulivyozoea. Mimi niko hapa."

Spana aliaga. Mwana wa Bibi alikwenda kuwangoja mapacha. Bibi alikaa kwenye kiti, rimoti mapajani. Kiyoyozi kilivuma. Hakuna uzi wa pamba ulioruka. Mwanga wa dirisha ulisogea sakafuni polepole, ukapanda kwenye mguu wa kitanda. Mama Pacha alisema jambo kuhusu vitenge vya kukata, akalirudia, kisha akasahau mwisho wake. Pumzi yake ikawa ndefu.

Bibi alibonyeza rimoti. Ukimya ukajaa chumbani.

Alingoja. Alingoja kama mtu aliyekaa ukingoni mwa maji. Mkwe wake alitabasamu usingizini, akanyoosha mguu, kama anayepima kina. Bibi alijiuliza yuko wapi huko, na nani anamwita.

Muda ulipokuwa umepita wa kutosha, aliinuka. Aliingiza kiganja chini ya kiuno cha Mama Pacha, akakibonyeza kwenye shuka. Akakitoa, akakiangalia mbele na nyuma.

Kisha alibeba gunia lake la pamba, akatoka nalo barazani. Alipofika mlangoni, mapacha walikuwa wanaingia kwa kelele, baba yao nyuma.

"Vipi, mama?" mwanawe aliuliza.

"Pakavu," alisema Bibi. Aliweka kidole mdomoni, akaufunga mlango bila sauti. "Mwacheni alale."