Kijiti Chini ya Ulimi

Mchana ule duka la dawa lilijaa hadi mlangoni, joto, watu wanapumuliana shingoni. Dereva alikuwa bado na sare ya kazi: shati la bluu lililonyooka kwa pasi, suruali nyeusi, nywele amezibana nyuma. Yeye ndiye mwanamke pekee aliyeendesha basi la shule pale kwao, na foleni hakuwa na subira nazo hata kidogo.

"Naomba vile vipimo vya mate," alimwambia muuzaji.

Nyuma yake mtu akaguna. "Makubwa! Siku hizi mimba inapimwa kwa mate?"

Akageuka. Kijana mrefu, shati la maua, ndevu zimechongwa zikachongeka, anatabasamu utadhani duka ni lake.

"Ni vya pombe, kaka. Unaweka kijiti chini ya ulimi, ncha ikibadilika rangi, gari huligusi. Vimetengenezwa kwa ajili ya wanaume wenye mdomo kama wako."

"Mimi kinyozi, dada. Bila mdomo nitakula nini?"

Alikasirika, akacheka, kisha akakasirika zaidi kwa sababu amecheka. Kufikia jioni namba ya kinyozi ilikuwa kwenye simu yake, na mapenzi yakaanza hivyo, kwa ugomvi.

Kinyozi alikuwa na gari dogo jekundu alilolipenda kupita kiasi. Lakini kila walipotaka kutoka, kijiti kilitangulia. Dereva alikuwa na kovu kidevuni, na kovu lile aliachiwa na kaka yake mkubwa, aliyempakia garini siku moja akiwa amelewa huku akisema, "Niko sawa, twende." Waliishia mtaroni. Dereva alitolewa hai, kaka yake hakutoka.

"Mpenzi, nikubusu kwanza au nipime kwanza?" kinyozi alizoea kumtania.

"Pima. Boksi limesema kinywa kikae robo saa bila kuguswa na kitu."

"Hata na wewe?"

"Hasa na mimi."

Basi wakaenda hivyo, wakipendana na kubishana, hadi Jumapili ya sherehe ya dada yake kinyozi. Dereva alivaa gauni la njano na viatu vya kisigino, akapendeza, wifi mtu akamsifia mbele ya wageni. Jua lilipoanza kushuka, mama mkwe mtarajiwa akasema amechoka, anataka kwenda nyumbani. Kinyozi akachukua funguo. Dereva akafungua mkoba.

"Hapa?" kinyozi aliuliza.

"Hapa hapa."

"Mbele ya mama yangu?"

"Si ndiye unayempakia!"

"Tangu nimefika nakunywa juisi tu."

"Walevi wote husema hivyo."

Shangazi wawili waliokuwa wanatafuna wakaacha kutafuna. Mama akainamisha kichwa. Kinyozi aliweka kijiti chini ya ulimi, macho kamkazia mpenzi wake, na muda ulipotimia akakitoa. Ncha nyeupe.

"Haya, shika ulevi wangu," alisema. "Na wewe je? Tangu nikujue, hujawahi kujipima hata siku moja."

"Mimi ni dereva. Najijua."

Kinyozi akamshika mama yake mkono, wakaondoka bila kuaga. Dereva alibaki anachemka. Aibu ilikuwa yake, lakini hasira alimpelekea yule aliyeondoka. Wifi akammiminia divai, akanywa. Akammiminia tena, akanywa tena, hadi teksi ilipomrudisha nyumbani.

Asubuhi ya Jumatatu alikuwa anasukutua mdomo simu ilipolia.

"Nini?"

"Dada kaniambia jana ulikunywa sana. Jipime kabla hujawasha basi."

"Umeniwekea wapelelezi?"

"Nakupenda."

"Nenda zako huko! Nimelala, nimeoga, niko mzima!"

Akakata simu. Alijipima kwa shari tu, apige picha ya ncha nyeupe amtumie, amzibe mdomo. Ncha ikawa kijani.

"Ni hii dawa ya kusukutua," alisema kwa sauti. Kweli dawa ile ilikuwa na pombe ndani yake. Akaketi ukingoni mwa kitanda kuisubiri robo saa yake, akimlaani kinyozi, wifi, na aliyetengeneza vijiti. Watoto walikuwa wameanza kutoka majumbani. Kuna mapacha wanaogombea kiti cha nyuma yake kila siku, na kuna binti anayempa shikamoo mdomo umejaa mkate. Nani angejua? Kichwa hakimuumi, mikono haitetemeki.

"Niko sawa," alijiambia. Na hapo hapo akaisikia sauti ya kaka yake.

Robo saa ilipotimia akachukua kijiti kingine. Kijani vilevile.

"Bosi, leo siendeshi," alisema kwenye simu.

"Unaumwa?"

Uongo ulikuwa umeshaletwa hadi mkononi, kuupokea tu. "Siumwi. Nimejipima. Pombe ya jana bado iko mwilini."

"Una wazimu? Watoto wako barabarani! Nani ataendesha?"

"Sijui, bosi. Lakini si mimi."

"Saa nne uwe ofisini kwangu. Njoo na funguo za basi."

Alilia kwa hasira, hasira ya kujichukia, na huku analia akamtumia kinyozi picha ya ncha ya kijani na ujumbe: "Bosi ananiita saa nne." Hakuwa amemaliza kulia gari jekundu liliposimama nje.

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kukupeleka kwa bosi wako."

"Sema basi! Sema uliniambia!"

"Sisemi. Lakini roho bado inaniuma. Umeniita mlevi mbele ya mama yangu."

"Nilikosea. Nisamehe. Na kwa mama nitakwenda mwenyewe." Alivuta kamasi. "Ila hasira zangu hazijaisha!"

"Nilijua." Kinyozi akanyoosha mkono. "Lete kijiti."

Akakiweka chini ya ulimi wake, wakasubiri. Kikatoka cheupe.

"Kuanzia leo tunapima wote wawili," kinyozi alisema. "Kila asubuhi. Chumba kimoja."

"Chumba kimoja? Hiyo ni posa?"

"Ni posa."

"Unaniposa nikinuka divai, naenda kufukuzwa kazi?"

"Nikisubiri upoe nitazeeka."

Dereva alijifuta macho kwa mkono wa shati lake la bluu. "Niulize nikitoka kwa bosi, kama bado nina kazi."

"Na kama huna?"

Akafungua mlango wa abiria, akaketi, akafunga mkanda.

"Niulize hivyohivyo."