"Kavu": Neno Lililomhamisha Mama Yangu

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, na sikai mahali pamoja miezi miwili. Leo nipo Tunduma napakia magunia, kesho sijui. Wasomaji wenzangu, si miguu inayonihangaisha... ni moyo!

Nilikuwa mpishi wa Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa kule Itaka. Mama yangu alikaa ndani ya shamba lile, karibu na kaburi la baba. Bwana alimwachia kibanda kwa ajili ya kazi yangu. Nikifukuzwa mimi, na mama naye aondoke!

Bwana yule alikuwa na wazimu wa zabibu. Alipanda aina mbili nyeupe, moja kali, moja ya kunukia, ili achanganye mvinyo kama wa kwao Kepu, Afrika Kusini. Ukungu wa Mbozi ukaziozesha miaka mitatu. Mwaka wa nne akapata pipa moja. Moja tu!

Akanikabidhi nijaze mvinyo wake kwenye chupa. Akasema, "Wageni kuja mwezi kesho. Mvinyo hii kavu. Wewe weka kavu tu. Umeelewa?"

Nikajibu, "Ndiyo, Bwana." Uongo mtupu! Kitu cha majimaji kitakuwaje kikavu? Lakini mpishi mzima nitauliza vipi?

Nikaonja. Mungu wangu, uchachu gani ule! Kwetu Unyiha, ukimpa mgeni pombe iliyochacha umemfukuza. Nikakimbilia kwa Lazaro, mume wa dada yangu, nyapara wa shamba, aliyewahi kuwaandalia Wazungu meza huko Rodesia.

Akacheka. "Shemeji, kavu ni chupa! Zianike juani. Huo mvinyo umeharibika, utie asali kabla Bwana hajaaibika."

Nikaanika chupa. Nikatia asali, kibuyu kizima...

Siku ya wageni, asali ikiwa imechacha humo chupani, vizibo vikaanza kuruka vyenyewe, paa! paa! Povu likawamwagikia. Bwana akaonja kilichobaki, akatema. Hakunigombeza. Alikaa ameshika chupa, machozi yakimlengalenga, na hilo lilinitisha kuliko kiboko.

Lazaro akasema mbele yangu, "Nilimkataza, Bwana. Hasikii." Shemeji yangu, mume wa dada yangu wa damu! Kumbe maana ya kavu aliijua siku zote. Nikafukuzwa, na wiki ile ile mdogo wake Lazaro akaingia jikoni kwangu, na kibanda cha mama kikawa banda la kuku wake.

Mama nikamhamishia Mbangala, kwenye joto, kwa watu baki. Kila asubuhi aliuliza nani anafagia kaburi la baba. Masika ya pili hakuyaona.

Siku zake za mwisho aliniuliza, "Mwanangu, hilo kavu ni nini hasa?"

"Si tamu, mama. Basi."

Akaguna. "Hilo tu? Sasa kwa nini hukumuuliza mwenyewe?"

Ndugu zangu, nawasihi, neno usilolijua kamuulize aliyelisema, hata akucheke. Kuuliza si ujinga! Mimi nilikwepa aibu ya dakika moja, na leo baba amelala peke yake Itaka, mama peke yake Mbangala.