Mistari Kumi na Mitatu

Mchezo haukuwa na sauti hata moja bado, ndiyo maana Ramla alishtuka aliposikia mtu anakohoa ndani ya kompyuta.

"Baharanyi, ni weye umetia sauti humu?"

"Sauti gani? Fasi ya sauti hatujafika," mwenzake alijibu bila kuinua kichwa.

Ilikuwa saa nane mchana, mvua ikigonga mabati ya mtaa wa Ndosho. Huo ulikuwa mwezi wa nne wawili hao wakihamisha injini ya michezo, yaani programu inayobeba mwendo, mwanga na migongano yote katika mchezo wa kompyuta. Watu wa kujitolea waliiandika zamani wakaiacha wazi kwa yeyote. Lakini lugha waliyoitumia ilizishinda simu ndogo za watoto wa shule, kwa hiyo Ramla alikuwa akiiandika upya kwa lugha nyingine ya kompyuta, mstari kwa mstari.

Kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha mistari kumi na mitatu. Hakuna aliyejua kazi yake. Ramla alikuwa ameandika wa kwanza tu kikohozi kiliposikika.

Aliandika wa pili. Chumba kikaanza kunuka mazutu, dizeli ya malori. Alipohifadhi wa tano, sauti ilisema polepole:

"Shangazi."

Ramla aliganda. Mtu mmoja tu aliwahi kumwita hivyo: baba yake, Papa Aruna, dereva wa lori, aliyempa binti yake jina la shangazi yake. Lori lilimwangukia njia ya Rutshuru, karibu na Kibumba, miaka miwili iliyopita. Ramla ndiye aliyeitambua maiti, kwa viatu.

"Shangazi, vyote umehamisha, miye umeniacha. Unihamishe."

Angepaswa kupiga kelele. Hakupiga. Alijifuta machozi, akaandika wa sita, wa saba, na vidole vyake vikazidi kukimbia huku harufu ya mazutu ikigeuka kuwa ya nywele zinazoungua, na hata alipochomoa waya wa spika sauti haikupungua, bali ilihamia nyuma ya sikio lake na kumpulizia pumzi baridi shingoni, naye akaendelea kuandika hadi wa kumi na mbili, ndipo akamsikia Baharanyi analia.

"Na weye unamusikia?" alinong'ona.

"Namusikia. Ni Léocadie." Léocadie alikuwa dada yake Baharanyi, aliyekufa kwa kipindupindu. "Anasema tumuhamishe."

"Hapana. Ni papa. Ni papa njo anasema."

Walitazamana. Sauti ilikuwa moja.

Ramla aliondoa mikono mezani. Baharanyi akatoka mbio mvuani kumwita Maalim Yusufu, jirani aliyemfundisha Ramla Kurani utotoni. Ramla alibaki peke yake, akitazama mstari wa kumi na tatu ukianza kujiandika wenyewe, herufi baada ya herufi.

Maalim aliingia amelowa, akasimama, akanusa.

"Huyu hapana papa yako, mutoto wangu. Papa yako iko kwa Mola wake. Huyu anatafuta mutu wa kumupitisha."

"Umufukuze, Maalim."

"Nitasoma. Lakini mukono yenye ilimuandika njo itamufuta."

Akaanza Ayatul Kursiy kwa sauti ya chini, na Ramla akafuta mstari mmoja, kisha mwingine, huku baba yake akimsihi, akikohoa, akimwambia kwamba kuna giza na lori bado liko juu ya kifua chake, akimuuliza ni binti gani huyu anayemzika baba mara mbili, na Ramla akalia kwa kwikwi bila kuondoa kidole kwenye kitufe cha kufuta, mpaka ulipofutika mstari wa kwanza na chumba kikanyamaza ghafla kiasi cha kusikia mvua imekatika.

Maalim alimshika bega. "Imeisha."

Lakini jioni Ramla aliposimama kuchukua udhu, jambo moja lilimjia, akaketi tena chini. Kila mstari aliouhifadhi ulikuwa ukienda mtandaoni papo hapo, kwa sababu kazi ya wazi huachwa wazi. Alirudi kuangalia. Katika saa ile moja, watu tisa walikuwa wamechukua nakala.

Aliwaandikia wote: futeni. Wanane walijibu siku ileile kwamba wamefuta. Wa tisa, mtu wa Butembo aliyeitwa Kamate, alijibu siku ya tatu.

"Dada Ramla, aksanti kwa kazi yako. Ule mustari wa kumi na tatu nilimalizia miye mwenyewe. Usiniombe nifute. Bibi yangu, mama ya batoto mwenye tulizika, amerudi ku nyumba, iko anapika. Batoto banamuogopa, lakini batamuzoea."