Diski Iliyokuwa Inalia

Rafiki yangu Damiani, fundi kompyuta wa Kibaha, alifika usharikani Maneromango akiwa na hasira ya barabara mbovu. Alichokikuta kikamzidishia.

Nyimbo zote za kwaya zilikuwa kwenye diski nne zilizounganishwa zikafanya kazi kama moja. Ikifa moja, tatu zinabeba mzigo wake. Zikitoka mbili, hakuna kinachosomeka. Moja ilikuwa imekufa asubuhi ile, na Michael, mtunza vyombo vya kwaya, alikuwa amechomoa nyingine iliyokuwa nzima.

"Kwenye simu nilikwambia usiguse," Damiani alifoka. "Nani amekutuma uchomoe?"

Michael aliinamisha kichwa. "Ilikuwa inalia, kaka."

"Iliyokufa hailii. Umeng'oa iliyo hai."

Humo ndimo ilimokuwa sauti ya marehemu Laurentia, mwalimu wa kwaya. Wanawe hawakuwa na pengine pa kuisikia.

Damiani alifunga madirisha kuzuia vumbi, chumba kikawa giza. Akairudisha ile diski huku akisonya. Ikagonga-gonga, ikavuma, ikatulia. Mafaili yakaanza kurudi. Akafungua wimbo mmoja uliorekodiwa miaka mingi kabla yeye hajakanyaga Maneromango.

Laurentia aliimba mpaka mwisho. Kinanda kikanyamaza. Halafu kwenye spika akasikika mwanamume anafoka, na Damiani akaitambua sauti yake mwenyewe.

"Nani amekutuma uchomoe?"

Laurentia akajibu taratibu, "Mimi."