Redio Iliyosema Upesi

Mwizi alikuwa muungwana. Alibeba redio ya Bibi Hemnalini, akamwachia nyingine mezani.

Zilibaki siku mbili kufika Mahalaya, siku ambayo Kolkata nzima huamka alfajiri kusikiliza redioni sala za kumkaribisha mungu wa kike Durga. Inspekta Nirmalya Sanyal aliizunguka redio iliyoachwa. Mbao za kahawia, vifundo vya shaba. Machoni pake ilikuwa ya kale tu.

"Bibi, una hakika hii si yako?"

"Afande, yangu ina taa za kioo ndani. Ukiiwasha inapata moto kwanza, unamaliza kukuna pua ndipo iseme. Hii nimeigusa tu leo, ikaropoka! Ya kuiga hiyo." Akaisukuma kando. "Ile niliisikiliza na marehemu mume wangu miaka arobaini. Mimi nina themanini na nne, Afande. Mahalaya ya mwakani nani ananihakikishia?"

Sanyal akakagua. Mlango haukuvunjwa. Mshale wa redio ulikaa kwenye kituo kilekile cha Bibi. Kitambaa cha meza kilifuliwa na kupigwa pasi, na katika miaka yote ya upelelezi hakuwahi kukutana na mwizi anayepiga pasi. Plagi ya redio ilikuwa haiingii kwenye tundu la kizamani la ukutani, ikaungwa kwa adapta. Akainusa adapta. Ilinuka bizari ya manjano.

Akaenda jikoni. Paramita, mke wa mwana wa Bibi, alikuwa akisaga viungo kwa jiwe. Mashine ya kusagia ilikaa bure kando yake.

"Mashine mbovu?"

"Nzima, Afande."

"Sasa unajitesea nini?"

Paramita akazidi kusaga.

"Adapta yake iko wapi, Paramita?"

Jiwe likasimama.

"Ni mimi, Afande. Jumatatu niliifuta vumbi, nikaijaribu, ikawa imekufa. Fundi anasema taa zake hazipatikani mpaka mwezi ujao. Jana Mama alipokwenda kwa daktari wa macho, nikampelekea fundi ile, nikaweka hii."

"Si ungemwambia tu?"

"Nimwambie redio ya Baba imekufa, na Mahalaya ndiyo hii?" Akajifuta macho kwa ncha ya sari. "Nilipoolewa hapa, mwezi haukuisha baba yangu mzazi akafariki. Nyumba imejaa wageni, na mimi naona haya kulia mbele ya wakwe. Mama akanikalisha kando ya ile redio, akaifungulia sauti mpaka mwisho. Akaniambia, 'Lia sasa, mwanangu, hakuna atakayekusikia.' Mtu kama huyo nitamshukuru vipi, Afande?"

Sanyal alipogeuka, alimkuta Bibi mlangoni. Macho yake yalikuwa mabovu, lakini masikio mazima.

"Tufungue kesi, Bibi?"

"Kesi ya nani? Mgonjwa akipona kwa fundi atarudi, watakaa wawili." Akarudi sebuleni, akaketi kando ya ile redio ya kuiga. "Paramita! Liache hilo jiwe, njoo hapa."

Paramita akaja, akijizuia kulia mbele ya polisi.

Bibi akamshika mkono, akazungusha kifundo cha sauti mpaka mwisho. Redio haikungoja kupata moto. Sanyal akaaga, lakini hakuna aliyemsikia.