Dhahabu na Shina la Jalalani

Hivi wewe, mjukuu wangu, ungenunua shamba la mihogo kwa kung'oa shina moja tu?

Husseini wa Soga asingenunua. Kununua mihogo ndiyo kazi yake. Alfajiri huwasha kigari chake cha mizigo, kirikuu cheupe chenye mlango mmoja wa bluu, akaenda mpaka Maneromango kununua mihogo ikiwa bado ardhini. Kwanza hulizunguka shamba. Hung'oa shina pembeni, hung'oa katikati, hung'oa na kule bondeni. Shina la karibu na jalala haligusi. Hilo hunenepa kwa majivu ya jikoni, halisemi ukweli wa shamba. Kisha hubeba magunia mwenyewe. Hurudi na vumbi mpaka kwenye kope.

Jioni moja alikaa kibarazani, hata viatu hakuvua.

"Nauza kirikuu," alimwambia mkewe, Rukaya. "Nanunua hisa za kampuni ya dhahabu. Ukiwa na hisa, unakuwa na sehemu yako kwenye kampuni. Wakipata faida, na sisi tunapata."

Rukaya alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini.

"Sufuria yetu ni hicho kirikuu, baba Nuria. Tutapika hisa?"

Jirani yao, Mzee Ambokile, alikuwa amekuja kuazima pampu ya baiskeli. Zamani alifanya kazi Chunya kwenye dhahabu, kwenye mashine za kuchoronga miamba.

"Shikamoo, mzee. Hebu tazama," Husseini akamwonyesha picha kwenye simu. Lilikuwa jiwe lenye mistari ya dhahabu.

"Marahaba. Jiwe zuri. Wamechoronga mashimo mangapi?"

"Hilo sijauliza."

Rukaya akachungulia simu. "Mbona hilo ni shina la jalalani, baba Nuria?"

Husseini akaitazama tena ile picha.

"Mkeo kasema," Mzee Ambokile akaendelea. "Kampuni changa kama hii haina mgodi bado. Inatafuta. Jiwe moja huokotwa pale penye uzuri. Ukweli uko kwenye mashimo mengi na majibu ya maabara. Uliza Tume ya Madini kama leseni yao iko hai, na kama ni ya eneo hilo. Uliza Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kama wameruhusiwa kuuza hisa kwa watu. Uliza pia wamebakiwa na hela kiasi gani. Ikiisha watatoa hisa nyingine, na sehemu yako itapungua."

"Na kama ni wakweli?" Husseini akauliza.

"Hata wakweli huchoronga wakakosa. Hela ya kula haiendi huko."

Kesho yake Husseini hakwenda shamba. Alishinda na simu, akiuliza. Mamlaka walimjibu kwamba kampuni hiyo hawajaipa ruhusa. Akampigia muuzaji wa hisa.

"Mashimo tutachoronga mkishanunua," muuzaji akasema. "Kibali kiko njiani, kaka."

"Basi kikifika, na mashimo yakichorongwa, tutaongea," Husseini akajibu.

Kirikuu hakikuuzwa. Asubuhi iliyofuata alikiwasha, kisha akakizima. Akabaki ameshika usukani.

Rukaya akaja dirishani na chupa ya chai.

"Kampuni si umeiacha? Nini tena?"

"Wala sikuitaka dhahabu, mama Nuria."

"Ulitaka nini?"

Husseini akasugua kiuno. Akamtazama mkewe.

"Nilitaka mtu mwingine abebe magunia."